Mshindwa Rasmi wa Mkolongo Kaskazini

Nchi ya Shwari haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji atakayedhani amewahi kuishi huko anaombwa atulie: si huko. Shwari ni nchi ya amani. Wananchi wake hawalalamiki, kwa kuwa ipo sheria nzuri inayowasaidia wasilalamike. Chaguzi zake ni huru na za haki, na matokeo hutoka mapema, wakati mwingine kabla ya kura, ili watu wasipate presha.

Katika nchi hiyo kuna jimbo liitwalo Mkolongo Kaskazini. Mkolongo Kusini haijawahi kuwapo. Jina lilitolewa na Waingereza, waliokuja kutawala na mizigo mitatu: chai, wigi la hakimu, na kura. Wao ndio waliopanga kwamba mwenye haki ya kumchagua mbunge ni mtu mzima, mwenye akili timamu, na mwenye kinanda nyumbani. Mkolongo nzima ilikuwa na vinanda vitatu: cha mkuu wa wilaya, cha bwana posta, na cha padri, ambacho mchwa walikuwa wamekila upande mmoja, kwa hiyo padri akapewa nusu kura. Bwana posta alishinda kwa kura moja na nusu dhidi ya moja. Wenyeji waliokuwa wakichungulia dirishani walisema mchezo wenyewe ulikuwa mzuri, ila haukuwa na mpira.

Uhuru ulipokuja, sharti la kinanda likafutwa. Kila mtu akaruhusiwa kupiga kura, na ili asihangaike kuchagua, jina kwenye karatasi likawa moja tu: Gervas Kabambazi.

Mheshimiwa Kabambazi alikuwa mtu mnene wa sauti, na kila uchaguzi ulipokaribia alikuja na msafara wa magari kuzindua Daraja la Mto Mbwemba. Utepe ulikatwa, kwaya ikaimba, kibao cha shaba kikabandikwa juu ya nguzo iliyosimama ukingoni. Kisha msafara uligeuza na kurudi ulikotoka, kwa sababu baada ya nguzo palikuwa na maji. Nguzo ile ilijaa vibao kama kifua cha jenerali. Watu wa ng'ambo ya mto, ambao nao ni wa Mkolongo Kaskazini, walizoea kushuhudia uzinduzi kwa mbali, wakipiga makofi ambayo upepo uliyachukua.

Hali hiyo ingeendelea vizuri kama si nchi marafiki, zile zitoazo misaada. Ziliandika kusema kwamba uchaguzi wa mtu mmoja ni sawa na harusi ya bwana harusi peke yake. Baraza la Mawaziri likakutana, likala, likapitisha Sheria ya Upinzani wa Kutosha. Kuanzia hapo kila jimbo lilitakiwa kuwa na Mshindwa Rasmi.

*

Kazi ya kumtafuta Mshindwa ilimwangukia Msimamizi wa Uchaguzi, Bwana Erasto Nyagilo, mtu aliyepiga pasi hata soksi. Alizunguka sokoni asubuhi nzima, mwishowe akasimama mbele ya banda la Sudi Mtengeti, mshona magodoro ya sufi. Sudi alikuwa ndani ya sufi hadi kiunoni, nyusi zimejaa nyuzi nyeupe kama mtu aliyezeeka ghafla.

"Wewe, unajua kusoma?"

"Kiasi, mzee."

"Una maadui?"

Sudi akafikiri. "Watu wote hapa wanalalia kazi yangu. Sijasikia aliyekasirika."

"Una tamaa?"

"Ya chai."

"Umefaa," alisema Bwana Nyagilo, akampa mkono.

Hivyo ndivyo Sudi, ambaye jina lake maana yake ni bahati, alivyoingia kwenye siasa. Alipewa baiskeli, koti jeusi, na kiti chake mwenyewe katika sherehe za kitaifa, nyuma ya nguzo. Kwenye karatasi ya kura, Mheshimiwa alikuwa na alama ya jua linalochomoza. Sudi alipewa alama ya ndoo iliyotoboka. Kanuni zilimtaka afanye mikutano yake saa sita mchana kwenye soko la mbuzi, asitoe ahadi yoyote inayoweza kutekelezeka, na siku ya kura ampigie Mheshimiwa.

Jambo moja tu aliachiwa alifanye apendavyo: hotuba ya kukubali kushindwa. Na hapo, wallahi, Sudi alionyesha kipaji. Mara ya kwanza alipopanda jukwaani, kavua kofia, watu walidhani anakuja kuomba msaada wa matanga. Akasema:

"Ndugu zangu, nimewaomba, mmeninyima. Sina kinyongo. Anayenyimwa na jirani bado ana jirani. Aliyeshinda ameshinda, tumpishe apite. Mimi narudi kwenye magodoro yangu. Laleni salama."

Wanawake walifuta machozi kwa ncha za khanga. Tangu siku hiyo, matokeo yalipotangazwa watu walivumilia hotuba ya mshindi, iliyokuwa ndefu kama ukame, ili wafike kwenye ya mshindwa. Walitoka hata vijiji vya mbali kuja kumsikiliza Sudi akishindwa.

Mkewe, Bi Siwatu, hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa mkunga, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na wajawazito wake wengi walikuwa ng'ambo ya Mbwemba. Alivuka kwa kushika mkia wa ng'ombe wa jirani, mnyama aliyejua kuogelea. Ng'ombe akiwa na hiari, Siwatu alifika. Ng'ombe akigoma, Siwatu alisimama ukingoni akipaza sauti, akimwelekeza mama mkwe wa mtu nini cha kukata na nini cha kufunga.

*

Basi ikatokea fedheha. Katika uchaguzi mmoja, masanduku yalipofunguliwa, katikati ya majua yanayochomoza ilionekana ndoo. Ndoo moja. Kura halali kabisa, alama imewekwa kwa mkono ulionyooka.

Bwana Nyagilo aliiinua karatasi ile kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Nani?" aliuliza chumba kizima. "Nani amefanya hivi?"

Kura ni siri, hilo kila mtu wa Shwari analijua, kwa hiyo uchunguzi ulifanywa kwa siri, kwa magari mawili na king'ora. Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Sudi mwenyewe. Aliapa kwamba alimpigia Mheshimiwa, kama kanuni zinavyotaka, na wakamwamini, maana uso wake haukuwahi kuficha kitu. Wakamgeukia mkewe, aliyekuwa uani akipepeta mchele.

"Na wewe, mama? Ulimpigia nani?"

Siwatu akaweka ungo chini. Akajifuta mikono. Akafungua mdomo, na Sudi, ambaye alimjua mkewe, alijua ukweli mtupu uko njiani unakuja.

"Huyu?" akadakia Sudi, akicheka kicheko cha juu juu. "Huyu ananijua, jamani! Miaka yote hii tunaishi pamoja. Anayenijua hivi atanipigiaje kura?"

Maofisa walicheka hadi wakashikana mabega. Wakaandika kwamba ile ndoo ilikuwa kosa la kalamu, wakaondoka.

Sudi akashusha pumzi. Alimgeukia mkewe akitegemea shukrani, maana wenzao walikuwa wamepelekwa mahali kwa makosa madogo kuliko hilo. Siwatu alikuwa ameshachukua ungo wake.

"Kwa hiyo anayekujua hawezi kukuchagua," alisema.

"Mke wangu, nilikuwa nakuokoa."

"Nimeona. Umeniokoa vizuri sana." Akapepeta, makapi yakaruka. "Mchuzi hakuna leo. Kula wali na heshima zako."

Tangu hapo alimpikia, alimfulia koti jeusi, alimjibu akiulizwa. Lakini siku za hotuba alikuwa ama ng'ambo, ama ana usingizi. Sudi akagundua jambo ambalo hakuna kanuni iliyomtayarishia: kwamba mtu anaweza kuliliwa na jimbo zima na bado akatamani uso mmoja tu kwenye umati.

Mwaka uliofuata, katika msimu wa mvua, mke wa mfuma mikeka wa ng'ambo alishikwa na uchungu. Ng'ombe hakukubali kuingia majini. Siwatu alisimama kando ya nguzo yenye vibao, akapaza sauti mpaka sauti ikakatika, na ng'ambo ile kilio kikaendelea, kisha nacho kikakatika. Walizikwa kaburi moja, mama na mtoto.

Siwatu alirudi nyumbani akakaa kizingitini, nguo zikimchuruzika maji. Sudi alimletea khanga kavu. Hakuipokea, wala hakuikataa.

*

Nchi marafiki zikaandika tena. Zilishukuru kwa upinzani, ila zikaona ni mwembamba. Mtu kushindwa kwa kura zote, mwaka baada ya mwaka, kulionekana hakupendezi kwenye taarifa. Ikulu ikatoa maelekezo: safari hii Mshindwa Rasmi ashindwe kwa heshima, na waangalizi wa kigeni waje kuhesabu wenyewe.

"Utafanya kampeni," Bwana Nyagilo alimwambia Sudi. "Ya kweli. Lakini si sana."

"Si sana ni kiasi gani, mzee?"

"Kama chumvi kwenye chai."

"Chai haitiwi chumvi."

"Basi umeelewa."

Mheshimiwa Kabambazi alianza kampeni yake kwa kishindo. Aliahidi uwanja wa ndege. Aliahidi bandari, ingawa bahari ilikuwa safari ya siku nzima kwa gari. Akazindua daraja.

Sudi akafanya mkutano wake kwenye soko la mbuzi, saa sita mchana. Watu walikuja kwa mazoea, wakidhani huenda atashindwa mapema mwaka huu. Alisema mawili matatu juu ya umoja na amani, akawa anatafuta namna ya kumaliza, ndipo akaona watu wakipisha njia. Siwatu alikuwa anakuja katikati yao, kapu la mkunga begani.

"Mgombea," alisema, kama vile hawali chakula kimoja, "mimi ni mpiga kura. Nina swali. Daraja je?"

Soko likanyamaza, hata mbuzi. Sudi akamtazama mkewe. Alijua jibu la kanuni: daraja lipo katika hatua nzuri. Akalitafuta mdomoni, akakuta halipo.

"Daraja halipo," alisema.

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akatazama nyuma kama kuna askari.

"Halipo," Sudi akarudia, na safari hii sauti ikatoka kifuani. "Mnajua halipo, ninajua halipo, hata samaki wanajua halipo. Siwezi kuwaahidi kulijenga. Sijui daraja linajengwaje, mimi ni mtu wa magodoro. Lakini mkinipeleka bungeni nitasimama niseme halipo. Tuanzie hapo."

Ilikuwa ahadi ndogo kuliko zote zilizowahi kutolewa Shwari, na watu walipiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba. Kesho yake kijana mmoja wa gereji alichora ukutani: BORA NDOO INAYOVUJA KULIKO MTUNGI USIO NA MAJI. Polisi wakafuta. Maneno yakahamia mdomoni, ambako hayafutiki.

*

Siku ya kura Sudi aliingia kwenye kibanda, akaitazama ile ndoo, akalitazama jua. Mkono, kwa miaka ya mazoea, ukaenda ukaweka alama kwenye jua kabla hajausemesha. Akatoka jasho linamtiririka.

Haikusaidia. Masanduku yalipofunguliwa, zilimwagika ndoo. Waangalizi wa kigeni, waliovaa kofia pana na kunywa maji tu, walihesabu kwa sauti. Bwana Nyagilo alijaribu kuzima taa, lakini ilikuwa mchana. Ikambidi atangaze, na alitangaza kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba wake mwenyewe: mshindi ni Sudi Mtengeti.

Uwanja ulilipuka. Sudi alisukumwa hadi jukwaani, kichwa kinamzunguka, akaona kipaza sauti, na mwili wake ukafanya kile ulichokijua. Alivua kofia.

"Ndugu zangu," alianza, "nimewaomba, mmeninyima. Sina kinyongo..."

"Mmesikia!" Bwana Nyagilo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Amekubali kushindwa! Kwa kinywa chake! Sheria inasema mshindwa ni yule anayekubali kushindwa!"

Umati ukatoa mguno mmoja mzito. Sudi akasimama mdomo wazi, asijue amefanya nini. Na hapo ikasikika sauti iliyozoea kuvuka mto.

"Sudi! Umeshinda, mume wangu! Vaa kofia yako!"

Akaivaa. "Samahanini," alisema kwenye kipaza sauti. "Nimezoea."

Kicheko kilichofuata kilisikika ng'ambo. Waangalizi waliandika kwenye taarifa yao kwamba maneno ya mazoea hayahesabiwi. Bwana Nyagilo akachambua sheria yake, akapata upenyo mwingine: hakuna ushindi usio na mshindwa. Mpaka Mheshimiwa Kabambazi akubali hadharani, jimbo halina mbunge, na uwanja huu ni mkusanyiko usio halali.

Mheshimiwa alikuwa ndani ya gari lake kando ya uwanja, vioo juu. Malori mawili ya askari yakaingia kwa upande wa sokoni. Vijana wa gereji wakaanza kuokota mawe. Kina mama wakaanza kuwaita watoto kwa majina.

Sudi alimtafuta mkewe kwa macho. Siwatu alikuwa ameshafungua kapu lake, anapanga vitambaa vya kufungia majeraha. Hapo Sudi akashuka jukwaani, akaenda akagonga kioo cha gari.

Kioo kikashuka nusu. Ndani, mtu mkubwa alikuwa ameloa jasho.

"Umekuja kunicheka," alisema Mheshimiwa.

"Nimekuja kukusaidia maneno, Mheshimiwa. Ni machache."

"Nimejaribu. Nasema nimeshi... nimeshi..." Akapiga goti lake kwa ngumi. "Halitoki! Nimezungumza mbele ya wafalme, neno moja halitoki!"

"Hata mimi la kushinda halikutoka. Si umesikia?" Sudi akaegemea mlango. "Vua miwani. Shusha mabega. Usianze na wewe, anza na wao. Na usiseme utarudi."

"Watanicheka."

"Watacheka. Halafu wataacha. Mimi nimeshindwa mara nyingi hapo, na sijawahi kurudi nyumbani peke yangu."

Mheshimiwa akayatazama malori. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya wa kutaka damu. Alikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Akafungua mlango.

Alipanda jukwaani taratibu. Bila miwani alionekana kama mjomba wa mtu. "Ndugu zangu," alisema, "mmenikataa." Akashusha mabega. "Nimeshindwa." Neno likatoka kama jino. Na kwa kuwa lililofungwa likifunguka hutoka na mengine, akaongeza: "Na daraja... daraja kweli halipo."

Kisha kikongwe mmoja aliyekuwa mbele akapiga makofi, makavu, mawili. Wakafuata wengine, mpaka uwanja mzima. Mheshimiwa Kabambazi alisimama akiyasikiliza kwa mshangao, kwani maisha yake yote alikuwa amepigiwa makofi ya kulipwa, na haya yalikuwa na sauti tofauti. Askari, wasioona tena wa kumpiga, wakashuka kununua miwa. Inasemekana wiki iliyofuata Kabambazi aliandika barua tatu kuomba nafasi ya kushindwa katika majimbo ya jirani.

Jioni ile Siwatu alipika mchuzi wa kuku.

*

Sudi akaenda bungeni, akasimama, akatimiza ahadi. "Mheshimiwa Spika, Daraja la Mto Mbwemba halipo."

Bunge likaduwaa, maana halikuwa na utaratibu wa kitu kisichokuwapo. Likaahirishwa. Likarudi na uamuzi: iundwe Tume ya Kuchunguza Kutokuwapo kwa Daraja, na mwenyekiti wake awe Mheshimiwa Sudi Mtengeti, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona kwanza kwamba halipo. Alipewa ofisi yenye zulia, na gari lenye vioo vinavyopanda.

Mtu akishona magodoro maisha yake yote, anajua kitu laini anapokikalia. Sudi alianza kurudi nyumbani kwa nadra, kisha kwa taarifa. Alijifunza kutembea polepole. Siku moja, Sudi akila, Siwatu alimuuliza kazi inaendaje.

"Mambo ya serikali yana taratibu zake, mama," alisema Sudi. "Kimsingi, tumeshakubaliana kuwa halipo. Sasa tupo katika hatua ya kubaini halipo kwa kiwango gani."

Siwatu akaondoa sahani. Asubuhi akavaa khanga mpya, akaenda ofisi ya Bwana Nyagilo, akaandikisha jina lake kugombea ubunge.

"Kama Mshindwa Rasmi?" aliuliza Bwana Nyagilo kwa matumaini.

"Andika Siwatu," alisema. "Yaliyobaki wataandika wao."

Habari zilimkuta Mheshimiwa Sudi kwenye zulia lake. Kwanza alicheka. Kisha akaacha kucheka. Kisha akaita gari, akaendeshwa hadi Mkolongo Kaskazini bila kusimama, akaambiwa mgombea mwenzake ana mkutano ng'ambo. Dereva akapita soko, akapita uwanja, akafunga breki kando ya nguzo yenye vibao.

"Mheshimiwa, barabara imeishia hapa."

Sudi akashusha kioo. Ng'ambo ya maji aliona umati, na katikati yake mwanamke mrefu aliyelowa hadi kwapani, anazungumza bila kipaza sauti. Upepo ulileta maneno machache na makofi mengi. Alikaa akisikiliza. Halafu akavua viatu. Akavua koti jeusi, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti.

"Mheshimiwa! Itifaki!" alilia dereva.

Maji yalikuwa baridi, na yalikuwa na nguvu kuliko alivyowahi kuambiwa na ripoti yoyote. Yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Ng'ambo, watu walianza kunyoosha vidole. Siwatu akakatiza hotuba, akaweka kiganja juu ya macho, akamtambua. Akamsubiri mpaka alipokamata majani ya ukingoni, akipumua kama samaki, ndipo akawageukia watu wake.

"Mpisheni akae mbele," alisema. "Huyu katoka mbali."